Ile dreni ya barabarani inaishia mtoni

Haya, wazee wetu shikamooni, akina mama na akina baba hamjambo, vijana mambo vipi. Nashukuru kwa nafasi. Nimeambiwa nisichelewe manake pilau iko karibu, kwa hivyo naingia moja kwa moja na swali. Ile dreni yenye vyuma iko barabarani mbele ya nyumba yako, au kwenye pakingi ya apatimenti yenu, maji yakiingia pale yanaenda wapi?

Nasikia wengi mnasema plant, yanaenda kusafishwa. Hapana. Hapa jimbo la Washington, miji ya karibu na Seattle kama Kent, Renton, Federal Way, Tacoma, karibu kote tunakoishi sisi, kuna mabomba ya aina mbili na hayakutani. Moja linabeba maji ya choo, jikoni na bafu, hilo ndio linaenda kwa mtambo. Lingine linabeba mvua, na mwisho wake hakuna mtambo wowote, linamwaga kwenye kijito kilicho karibu. Kwa huku Kent kijito kinaingia Green River, ikishafika Tukwila mto unabadilika jina unaitwa Duwamish, na Duwamish inaingia Puget Sound ambayo ni bahari. Kwa hivyo mafuta yanayodondoka kwa gari bovu, sabuni, rangi iliyobaki kwenye ndoo, kinyesi cha mbwa wa jirani (sisi wenyewe mbwa wa kutembeza hatuna sana), yote yanafika baharini na hakuna mtu aliyeyagusa njiani.

Seattle ya zamani ni habari tofauti kidogo, kule kuna mitaa ambayo bomba ni moja, mvua na choo zinasafiri pamoja mpaka kwa mtambo, inasikika vizuri mpaka mvua kubwa inyeshe na mtambo uelemewe, hapo mchanganyiko wote unafunguliwa uende baharini ili usirudi kwenye vyoo vya watu. Na Februari 2017 mtambo wenyewe wa West Point ulifurika ukaharibika, zaidi ya galoni milioni 200 za maji yasiyosafishwa zikaenda Puget Sound. Mwenye mtambo ni King County, yaani serikali. Na serikali hiyo ikapigwa faini ya dola 361,000 na serikali nyingine, ambayo ndio hii nimekuja kuizungumzia, idara ya mazingira ya jimbo la Washington, wenyewe wanaiita Ecology. Nawaambia hili mapema ili mtu asifikirie Ecology inatafuta wenye kampuni ndogo tu za wageni.

Sasa nieleze hii idara inafanya nini, manake watu wanadhani inasafisha maji. Ecology haina bomba, haina mtambo, haina hata dreni moja yake. Iko tangu 1970, mwaka ule ule serikali kuu ilianzisha idara yake ya mazingira, EPA. Halafu 1972 ikaja sheria kubwa ya maji safi ya Marekani, na sheria ile ilianza na viwanda na mitambo, yaani wenye bomba linaloonekana, unaenda pale unachota sampuli unajua mwenyewe ni nani. Mvua ikaachwa, kwa sababu mvua utamshtaki nani? Mpaka 1987 bunge likarudi likaongeza kipengele cha maji ya mvua, kanuni za miji mikubwa zikatoka 1990 na za miji midogo 1999. EPA ikaliachia jimbo kazi ya kutoa vibali hapa kwetu. Basi kazi ya Ecology ni hiyo, kumtafuta kila mtu mwenye lami, paa au udongo uliochimbwa, imwambie maji yanayotoka kwako ni yako, yapime, yaandike, na ukizidisha ueleze umefanya nini. Ni kazi ya makaratasi. Mimi kazi yangu ni ya saiti, napima maji kwenye mjengo, na nawaambia hayo makaratasi watu wanayacheka lakini ndio yanafanya kazi.

Tuanze na mjengo basi kwa sababu najua wako wengi hapa.

Ukichimba ekari moja au zaidi na maji yako yanaweza kufika mtoni, lazima uwe na kibali cha maji ya mvua cha ujenzi, na unaomba mapema, siku 60 kabla ya maji kuanza kutoka, sio wiki ile unaleta ekskaveta. Lazima uwe na mtu amesomea na ana cheti cha kuzuia mmomonyoko, anatembea saiti yote kila wiki na pia ndani ya saa 24 maji yakianza kutoka. Anapima tope. Kipimo chake kinaitwa NTU, ukichukua maji ya bomba yako ni kama sifuri au moja, sasa kibali kinasema ukivuka 25 urekebishe mambo yako, na ukifika 250 unapiga simu Ecology wewe mwenyewe ndani ya saa 24. Hapo ndio watu wanashangaa. Nijipigie simu mwenyewe? Ndio. Ukipiga simu wewe ni mtu mwenye tatizo na analishughulikia, usipopiga na inspekta akakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa yanaingia kijitoni, wewe ni mtu mwingine kabisa. Sheria ya jimbo inaruhusu faini mpaka dola 10,000 kwa siku kwa kila kosa, na kila siku ni kosa lake.

Tope kwani lina ubaya gani, mtu ataniuliza, mito ya kwetu yote si ina tope. Samaki wa huku aina ya salmoni wanataga mayai ndani ya changarawe chini ya mto, na mayai yale yanapumua kwa maji yanayopita katikati ya mawe. Tope laini likitulia pale linaziba kila kitundu na mayai yanakufa kimya kimya. Mto unaweza kuonekana safi kesho yake, mayai yameshakufa.

Kuna sheria moja ya hapa magharibi mwa jimbo naipenda kwa sababu imeandikwa na mtu anayejua mvua. Kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka 30 Aprili udongo uliochimbwa na haufanyiwi kazi hauruhusiwi kukaa wazi zaidi ya siku 2, uufunike, majani makavu, nailoni, chochote. Kiangazi, Mei mpaka Septemba, unapewa siku 7. Na mimi natoka pwani, naweza kuwaambia kwa mwaka mzima mvua ya Seattle ni kama milimita 1,000 hivi, Mombasa na Dar hazipungui hapo. Tofauti ni kwamba hapa haimwagiki kwa hasira saa mbili ikaisha, inatona tu, wiki baada ya wiki, udongo unashiba na haukauki, ndio maana siku 2.

Na simiti. Hili vijana wa simiti mlisikie vizuri. Maji yaliyogusa simiti mbichi yanakuwa makali, kipimo cha ukali huo kinaitwa pH na kinapanda juu sana, na kibali kinataka isizidi 8.5. Yale maji ya kuosha toroli na chute ya lori la simiti ukiyamwaga kwa dreni unaua samaki bila rangi yoyote kuonekana. Watu wanajali tope kwa sababu lina rangi, simiti haina rangi ndio maana inapita. Tengenezeni shimo la nailoni la kuoshea, yakauke, mbebe takataka kama takataka.

Kibali cha viwanda nitapita haraka ila kuna kitu cha kuchekesha ndani yake. Hiki kinagusa wenye yadi za malori zenye sehemu ya kutengeneza magari, wanaonunua vyuma chakavu, viwanda, na baadhi ya yale mabohari ya Kent tunakofanya kazi usiku. Kila robo mwaka unachota sampuli ya maji yanayotoka, unapeleka maabara, wanaangalia tope, pH, mafuta, shaba na zinki. Ukizidi mara moja unarekebisha usafi wako, ukizidi robo 2 ndani ya mwaka unajenga kitu cha kuzuia, ukizidi robo 3 unamwita injinia akuwekee mtambo wa kusafisha, na huo mtambo bei yake si mchezo. Sasa zinki kikomo ni mikrogramu 117 kwa lita, na unajua watu wengi wanaangushwa na nini? Mabati. Lile paa la bati na uzio wa waya uliopakwa zinki, mvua inanyeshea inayeyusha kidogo kidogo mwaka mzima. Mtu amefagia yadi mpaka inang'aa, amefunika kila duramu, na bado anafeli, mpaka anapaka rangi paa. Sisi ambao tumekulia chini ya mabati na kukinga maji yake tukanywa, hii habari inatufanya tucheke na kunyamaza.

Shaba nayo ilikuwa inatoka kwenye pedi za breki. Shaba kidogo tu kwenye maji inaharibu pua ya salmoni, na salmoni bila pua hajui adui yuko wapi wala mto wake wa nyumbani uko wapi. Mwaka 2010 jimbo likapitisha sheria ya kupunguza shaba kwenye breki, chini ya asilimia 5 kuanzia 2021 na chini ya asilimia 0.5 kuanzia 2025. Hii ni tofauti na kibali. Kibali kinamkamata mwenye yadi, hii ilimkamata anayetengeneza kitu chenyewe kabla hakijafika kwa yadi yoyote. Shikeni hapo, nitaihitaji mbele.

Na hizi ripoti zote ziko wazi. Ecology wana mfumo wao wa vibali kwenye intaneti unaitwa PARIS, jina wamejitafutia zuri, mtu yeyote anaweza kuingia akaona kampuni fulani imezidi zinki mara ngapi. Na sheria ya 1972 inamruhusu mwananchi wa kawaida kukupeleka mahakamani mwenyewe, anakupa notisi ya siku 60 halafu anakushtaki, na kuna mashirika ya kulinda Puget Sound ambayo hiyo ndio kazi yao. Kwa hivyo usifikirie inspekta ni mmoja na jimbo ni kubwa, hatakufikia. Wenye biashara wengi ninaowajua wanaogopa ile barua ya siku 60 kuliko Ecology, manake Ecology mara nyingi wataanza kwa kukueleza kosa lako ni nini na utarekebishaje, wakili wa upande wa pili hana haja ya kukufundisha. Na ukiona Ecology wamekuonea kwenye faini una siku 30 za kukata rufaa kwa bodi ya pekee, haiko chini yao.

Sasa miji. Miji nayo ina vibali, Seattle na Tacoma na kaunti kubwa nne, King, Pierce, Snohomish na Clark, ziko kundi la kwanza, halafu miji midogo kama 80 hivi ya magharibi kundi la pili, Kent ikiwemo, na idara ya barabara ina chake. Vinaandikwa upya kila miaka mitano, vya sasa vimeanza Agosti 2024. Ndani yake mji unalazimika kuwa na ramani ya dreni zake, kusafisha chemba, kukagua wenye biashara, na kutafuta nani ameunganisha choo chake kwenye bomba la mvua (wapo, msicheke). Ile pesa mnaona kwenye bili imeandikwa storm drainage na mnauliza hii ni ya nini na mimi mvua nimeikuta, ndio hiyo. Kwenye miji mingi inahesabiwa kwa ukubwa wa lami na paa, ndio maana kanisa au msikiti wenye pakingi kubwa unapata bili ya kushtua.

Kuosha magari kunaingia hapa. Sabuni haitakiwi kuingia dreni, hata ile yenye picha ya jani kwenye chupa. Osha kwenye nyasi au nenda kwa car wash, manake yao yanaenda kwa bomba la choo. Wale wanaofanya biashara ya kuosha magari ya watu kwa kuwafuata, lazima uwe na namna ya kuyakusanya yale maji, zulia la plastiki na vakyumu, ujue mapema ni gharama ya kuanzia biashara sio ya baadaye. Na kabla hujaogopa, kuna wataalamu wa kaunti na miji wanaolipwa na Ecology kutembelea biashara ndogo bure, wanakuja wanakuonyesha pa kurekebisha bila faini. Waite kabla hujaitwa.

Haya. Mpaka hapa mnaweza kudhani mambo yako sawa, kila mtu ana karatasi yake. Sasa nifike kwenye kitu ambacho karatasi haikukiona.

Kuna salmoni anaitwa koho. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 watu waliokuwa wanafufua vijito vya mjini Seattle walishangaa, wametoa takataka, wamepanda miti, koho wakarudi kutoka baharini vizuri, halafu mvua ya kwanza ya vuli inanyesha na koho wanaanza kuogelea kama walevi, wanapiga duara, wanafungua midomo juu ya maji, na ndani ya saa chache wamekufa na mayai tumboni hawajataga. Baadhi ya vijito majike waliokufa hivyo ni kuanzia asilimia 40 mpaka 90. Wakapima shaba, zinki, dawa za wadudu, mafuta, kila kitu kilicho kwenye orodha. Hakuna kilichoeleza.

Ilichukua karibu miaka 20. Watafiti wa Tacoma hapa, timu ya Edward Kolodziej na Zhenyu Tian wakishirikiana na Jenifer McIntyre wa chuo cha WSU kule Puyallup, wakakwangua tairi, wakaloweka, maji yakaua koho. Ndani ya yale maji kuna kemikali zaidi ya 2,000. Wakazigawa, wakajaribu fungu moja moja kwa samaki, mpaka ikabaki moja ambayo haikuwa kwenye orodha yoyote. Tian akakumbuka kuna dawa ya tairi inaitwa 6PPD yenye kaboni 18 na nitrojeni 2 zile zile. Na ikawa ndio mama yake. 6PPD inawekwa kwenye tairi karibu zote duniani ili ozoni ya hewani isipasue mpira, inajitoa mhanga, inakutana na ozoni na kugeuka kitu kingine, 6PPD-kwinoni, na hicho ndicho kinaua. Walichapisha Desemba 2020. Vipimo vya baadaye vilionyesha gramu moja tu ya hiyo kitu kwenye lita milioni 10 za maji inatosha kuua nusu ya koho wadogo.

Fikirieni kwa macho ya idara. Hakuna kiwanda kinachotengeneza 6PPD-kwinoni, inajitengeneza yenyewe barabarani. Hakuna mwenye yadi wa kumwandikia barua. Mwenyewe ni mimi na wewe na kila mtu aliyepita barabara kuu ya I-5 asubuhi, na madereva wa malori mko hapa, matairi 18 kila mmoja. Kiangazi chote vumbi la tairi linajikusanya, Julai, Agosti, Septemba mvua ni kidogo sana, halafu mvua ya Oktoba inasomba yote kwa siku moja, wiki ile ile koho wanapanda mto. Mpango mzima wa vibali umejengwa juu ya kuuliza haya maji ni ya nani, na hapa jibu ni la wote, na mimi naona huo ndio mpaka wa kazi ya Ecology kwa jinsi sheria ilivyo. Sio uzembe wao. Wangefanya kila ukaguzi kwa usahihi na koho wangekufa vile vile.

Na kuna wenye haki ya kuuliza zaidi yetu. Makabila ya wenyeji wa huku, tangu hukumu ya Jaji Boldt ya 1974, wana haki ya mkataba ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Samaki wakiisha haki hiyo ni nusu ya nini? Mwaka 2023 makabila matatu, Yurok wa California na Port Gamble S'Klallam na Puyallup wa hapa hapa Tacoma, wakaiandikia EPA wakiomba 6PPD idhibitiwe kwenye tairi, na Novemba mwaka ule EPA ikakubali kuanza kuishughulikia. Ni njia ile ile ya pedi za breki, unaenda kwa mtengenezaji. Lakini tairi sio breki, tairi ikipasuka kwa sababu umetoa dawa ya kuzuia kupasuka watu wanakufa barabarani, kwa hivyo mpaka mbadala upatikane na uthibitishwe hatuna budi kushughulika na maji.

Na kwa maji kuna habari njema, ya bei nafuu kabisa. Kabla hata muuaji hajajulikana jina, McIntyre na wenzake walikuwa wameshachukua maji machafu ya barabara kuu wakayapitisha kwenye pipa la mchanga na mboji, asilimia 60 kwa 40, mchanganyiko ambao Ecology wameuweka kwenye vitabu vyao vya kazi. Koho waliowekwa kwenye maji yale kabla ya kupita walikufa wote. Waliowekwa kwenye yaliyopita kwenye udongo walipona wote. Ndio maana mnaona pembeni ya barabara mpya na pakingi mpya kuna vile vishimo vya majani marefu, mtu anadhani ni bustani wamesahau kufyeka. Ukijenga leo, kitabu cha Ecology kinataka maji yako yazame ardhini kwako kwanza kabla ya kufikiria bomba. Mboji ilikuwa na shida yake, inatoa fosforasi na shaba yenyewe, kwa hivyo wakatoa mchanganyiko mwingine kwa sehemu nyeti, mchanga asilimia 70, makaa yaliyosagwa 10, na 20 ni makumbi ya nazi. Ndio, makumbi! Yale tunayoyachoma na kuyatupa nyuma ya nyumba kule kwetu, huku yananunuliwa kwa mifuko yalinde samaki.

Ila hesabu inakwama hapa. Sheria hii inawashika wanaojenga sasa. Lami ya Seattle, ya Tacoma, I-5 yenyewe, vilijengwa kabla, vinamwaga moja kwa moja mtoni kama zamani, na kurudi kuvichimba upya barabara moja baada ya nyingine ni pesa ambazo mji mdogo hauna. Ecology wanatoa ruzuku, vibali vipya vya 2024 vinaisukuma miji ianze na sehemu za zamani, lakini mwendo ni wa kinyonga. Ukiniuliza mimi, dola ya faini na dola ya bili yangu ya storm zote ningezielekeza huko, kwenye barabara za zamani zenye magari mengi karibu na vijito vya koho, kabla ya kuhangaika na pakingi ya duka jipya ambayo tayari ina kila kitu. Wako wataalamu wanaopinga hilo, wanasema ukilegeza wapya utapata wazamani wengine kesho, na wana hoja.

Basi mimi nimemaliza, pilau nainusa kutoka hapa. Tuchukue maswali machache, na nyinyi wa kuosha magari nimewaona mmeninunia tangu muda ule, anzeni nyinyi.